Taa, Watu Wawili

Mlio niliusikia kabla sijawasha taa ya koridoni. Ulikuwa mwembamba na wa juu, kama bawaba inayolia kwa kukosa mafuta, kisha ukakatikakatika, kama mtu akipitisha ukucha kwenye meno ya chanuo. Nilisimama gizani na kiatu kimoja mkononi. Nilidhani ni kabati la mama, lile ambalo baba aliliunganisha mwenyewe na ambalo mlango wake haukuwahi kukaa sawa.

"Mama?"

"Njoo usikie samaki anacheka," alijibu kutoka jikoni.

Alikuwa ameketi mbele ya tableti yake, miwani imeshuka puani, chai imepoa pembeni. Kwenye kioo pomboo alikuwa amesimama kwa mkia juu ya maji ya buluu isiyoaminika, na mwanamke aliyevaa jaketi la kuelea alikuwa akimbusu mdomoni.

"Pomboo si samaki," nilisema. "Ni mnyama. Ananyonyesha."

"Haya, mnyama anacheka. Sasa keti unisomee hizi zingine."

Ilikuwa Oktoba, na mama alikuwa amestaafu mwezi mmoja tu uliopita. Kwa miaka ishirini na kitu alizunguka katika nyumba za wazee wa Stockholm, akiwavisha soksi, akiwapa dawa, akisikiliza habari za watoto wao wasiokuja. Zawadi aliyojipa ni wiki moja melini katika visiwa vya Karibea, mahali ambapo, alisema, hatamvisha mtu soksi. Kuna siku moja meli ingetia nanga kisiwani tangu asubuhi hadi jioni, na abiria walitakiwa kuchagua mapema watakachofanya huko. Mama alikuwa ameshaamua kwamba anataka wanyama. Lililobaki ni wanyama gani.

Safari hiyo ilikuwa iwe yetu sote wawili. Aliniuliza mwezi Machi, tukiwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Bredäng, tunakunja shuka. Yeye ameshika ncha mbili, mimi ncha mbili. "Chumba kina vitanda viwili," alisema. Nilimwambia nina kitabu cha kumaliza. Tulisogeleana, tukakutanisha ncha zetu, akaichukua shuka mikononi mwangu, wala hakuuliza tena. Agosti kitanda cha pili alimpa rafiki yake wa kwaya.

Kitabu hicho ndicho kilichonirudisha kulala katika chumba changu cha utotoni, chini ya rafu zenye vikombe vya mashindano ya kuogelea. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwa Kiswidi. Ilinipeleka kwenye majukwaa madogo na mikahawa ya vitabu, ambako watu wenye skafu nzuri waliniuliza naota kwa lugha gani. Ya pili niliapa kuiandika kwa Kiswahili, tena si Kiswahili chochote bali cha baba.

Baba alikuwa mtu wa Tanga. Alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alipokuwa hai alinisemesha kwa Kiswahili na mimi nikamjibu kwa Kiswidi, kama walivyofanya watoto wote wa jengo letu. Alipokwenda ndipo nilipoanza kumjibu kwa lugha yake. Nilikuwa na daftari la jalada jeusi nililolijaza kila neno lake nililolikumbuka: majina ya upepo, ya samaki, ya vyakula, maneno ya kumtania mtu mvivu. Nilikuwa nikilifungua daftari hilo kila asubuhi kabla ya kuandika, na mara nyingi sikuandika chochote baadaye. Nilikaa nalo tu. Niliamini mimi ndiye mtu wa mwisho, kaskazini yote hii, anayeyatunza maneno yale, na imani hiyo ilinipa upweke ambao niliupenda kidogo.

Mama anatoka Kakamega. Kiswahili chake ni cha bara, cha shuleni na sokoni, ambamo ng'ombe ni "hizi" na mbuzi ni "hizo". Baba alikuwa akimsahihisha kwa mzaha. Mimi nilirithi kusahihisha, mzaha sikuurithi.

"Hiki Kiswidi cha bahari sikijui," mama alisema jioni ile, akinisogezea tableti. "Niulize dawa za presha, niulize mifupa yote ya nyonga. Lakini hawa wadudu wa maji, hapana. Si uniandikie kwa Kiswahili, nimwonyeshe mwenzangu Jumapili?"

Niliandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri. Pomboo, saa moja. Kasa, saa mbili. Farasi ufukweni, saa mbili. Taa, nusu siku. Sikuweka maelezo yoyote. Nilijivunia kwamba sikuhitaji kamusi, hasa kwa lile la mwisho. Taa alikuwa katika ukurasa wa pili wa daftari langu: samaki bapa, mpana kama kanga iliyotandazwa, mwenye mkia wa mjeledi na mwiba wenye sumu. Jina lake halina tofauti yoyote na la taa tunayoiwasha ukutani. Ukitaka kujua mtu anamaanisha ipi, sikiliza neno linalofuata. Za umeme ni "hizi". Wa baharini ni "hawa".

Jumapili rafiki yake alikuja baada ya ibada, bado amevaa kitenge cha kwaya. Ni mama wa Uvira, mcheshi, anayemwita mama yaya, yaani dada mkubwa, ingawa wamepishana miezi michache tu; mimi humwita mama mdogo. Aliishika karatasi mbali na macho.

"Yaya, hizi nyama munachagua, ni za kula ao za kuoga nazo?"

"Za kuoga nazo, mdogo wangu."

"Mimi hapana. Nilikomalia kando ya ziwa iko na mamba. Nyama ikiwa mu maji, mimi niko inje. Nitabakia kwa kiti, na juisi yangu, na kitabu."

"Kitabu gani? Wewe hata tangazo la kwaya husomi."

"Nitafunika nayo uso, voilà."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua kalamu na kuipitisha polepole juu ya majina manne, ikasimama kwenye la mwisho.

"Hizo taa," aliniuliza bila kuinua macho, "ni za umeme ama za mafuta?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Taa," nilirudia.

"Ndiyo, taa. Ama nibebe kiberiti?"

Rafiki yake alicheka. Mimi nilitabasamu lile tabasamu la mikahawa ya vitabu, la kumsubiri mtu amalize. Mama akaweka alama ya vema, akaandika kando yake "watu 2", akanipa karatasi niende kumjazia fomu, maana nywila za nyumba nzima nazishika mimi.

Ile "hizo" ndiyo iliyonisumbua wiki nzima. Angejua ni samaki angesema "hao". Nilimwona kisiwani akingoja mtumbwi uliopambwa taa za rangi, amevaa viatu vyake vya kanisani, halafu akishushwa majini katikati ya viumbe wenye miiba. Mama haingii majini. Utoto wangu wote, tulipokwenda ziwani kiangazi, alikaa kwenye nyasi na viatu miguuni, ameshika taulo langu kama mtu anayesubiri kushuka kituo kinachofuata. Vikombe vyote vile vya kuogelea alivishuhudia akiwa mkavu.

Jumanne ya wiki iliyofuata, kwenye treni ya chini ya ardhi, niliijaza fomu. Badala ya taa nikaweka kasa, watu wawili. Kasa walifugwa kwenye birika la kina kifupi, mgeni husimama kwenye mbao kavu, akapewa mtoto wa kasa amshike. Picha ilimwonyesha bibi mmoja mwenye umri wa mama akicheka na kile kiumbe kiganjani. Nilibonyeza. Nilijisikia mtoto mwema. Sikumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kumsahihisha tena, na nilikuwa nimeanza kuchoka kumsahihisha.

Hiyo ndiyo hesabu niliyojifanyia, kati ya kituo cha Liljeholmen na Hornstull.

Karatasi za safari nilizichapa maktabani mwishoni mwa Novemba. Nilimkuta mama sebuleni akitoa mapambo kwenye sanduku, maana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na madirisha yote ya jengo la mkabala yalikuwa yameshawaka. Hapa, mwezi huo, kila nyumba huweka taa dirishani: nyota ya karatasi, au kile kinara chenye mishumaa saba ya umeme. Saa tisa mchana giza limeshaingia, na ukitembea njiani unaona watu wote wapo nyumbani isipokuwa wewe. Kinara chetu kilikuwa kimegoma. Mama alikuwa akikaza balbu moja moja, kwa sababu moja ikilegea zote huzimika.

Alipokea karatasi, akasoma ile ya kisiwani, akairudia.

"Nani ameniandikia kobe hapa?"

Kiswidi kina neno moja tu kwa kobe na kasa, nalo alilijua. Mzee wake mmoja alikuwa akifuga kobe chini ya kitanda.

"Si kobe, ni kasa," nilisema. "Kobe wa baharini."

"Mimi niliweka alama kwa taa."

Basi nikamweleza. Nilieleza taratibu, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe lazima aliitumia na wazee wake. Kwamba kuna taa na kuna taa. Kwamba huyu ni samaki, kwamba watu wa pwani ndio wanaomjua kwa jina hilo, kwamba ana mwiba, kwamba angelazimika kuingia majini. Aliniacha nikaenda mpaka mwisho. Niliendelea zaidi ya nilivyohitaji.

"Niliishi na baba yako miaka kumi na tisa," alisema nilipomaliza. "Unadhani tulikuwa tunaongea nini?"

Aliweka kinara chini.

"Tukikaa Fisksätra, kabla yako. Siku moja Desemba akapiga simu kazini. Amepata taa. Ana furaha, hata haongei vizuri. Mimi nikasema, eh, hatimaye na sisi tutakuwa kama watu. Nikamwambia, weka dirishani, nitaiona nikishuka kwa treni."

"Na akaweka?"

"Si unamjua. Alielewa nimekosea, akaweka hivyo hivyo. Ile sahani yetu kubwa, imeegemezwa kwa kioo, samaki juu yake, mkia unaning'inia. Nyumba zote ziko na nyota na mishumaa. Sisi tuko na samaki. Nilisimama pale chini kwa theluji nikacheka mpaka jirani akafungua dirisha aniulize kama naumwa." Akaokota balbu. "Tangu siku hiyo ikawa ndiyo maneno yetu. Akianza hadithi ndefu, ama akitaka tugombane na mimi nimechoka, namwambia, weka dirishani."

Maneno hayo nilikuwa nayo. Yalikuwa katika daftari langu jeusi, ukurasa wa kumi na kitu: weka dirishani, yaani acha jambo hilo lipite, na kando yake nilikuwa nimeandika, "msemo wa Tanga". Nilikuwa nimemtilia mdomoni nahodha mzee katika sura ya nne. Nilikuwa nimemsomea mhariri wangu kwa simu, akanyamaza kwa heshima. Nayo yalikuwa maneno ya mama, yaliyozaliwa kwenye simu ya kazini, na mwanamke wa Kakamega aliyetaka taa ya dirishani.

"Kwa nini hukuniambia ulikuwa unatania?" niliuliza. "Siku ile, na kiberiti?"

"Baba yako angecheka," alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Baadaye kidogo aliongeza, "Mimi taa nimeona moja tu maishani, na ilikuwa kwa sahani. Yeye alisema zikiogelea ni kama nguo iliyoanikwa, upepo ukiipiga. Nilitaka kwenda kuona kama alinidanganya."

"Utaingia majini?"

"Ni maji ya kiunoni, niliuliza. Nimewaingiza wazee wangapi kwa bafu? Maji ya kiunoni nitayaweza."

"Na watu wawili? Mama mdogo alisema yeye haingii."

Alikuwa akikaza balbu ya tano. Vidole vyake vilisimama.

"Mkono uliandika tu," alisema. "Nimezoea kuandika wawili."

Akaikaza, na mishumaa yote saba ikawaka usoni mwake mara moja.

Nilifungua ukurasa wa safari palepale, mbele yake. Nafasi za taa zilikuwa zimejaa. Kitufe kilikuwa cha kijivu, na nilipokibonyeza hakikufanya lolote. Mama alitazama juu ya bega langu, akasema basi, kasa pia ni wa Mungu, akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa muda mrefu kuliko wingi wake ulivyohitaji.

Niliandika kwa wenye meli. Walijibu kwa adabu kwamba nafasi hurudi pale tu mtu anapojitoa. Basi nikawa mlinzi wa kitufe. Asubuhi nilikaa mezani, daftari upande mmoja, simu upande mwingine, na sikufungua daftari. Nilikitazama kitufe kile kwenye treni, kwenye foleni ya mkate, katikati ya usomaji wa rafiki yangu mmoja mshairi mpaka mtu wa kiti cha nyuma akanigusa bega. Nilikitazama nikitembea peke yangu kando ya ziwa, barafu nyembamba imeanza kushika kingo, bandari ya boti tupu. Ufukweni pale niliona nyasi zile zile alizokuwa akikaa na taulo langu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini haingii. Nilikuwa nimeandika kurasa mia mbili kuhusu mtu aliyekwisha kufa, na huyu aliyekuwa akinipikia chapati upande wa pili wa ukuta sikuwahi kumuuliza hata hilo.

Siku nne kabla ya safari, kitufe kiligeuka kijani. Nafasi moja. Niliijaza kwa vidole vilivyokufa ganzi, nimesimama nje ya duka la mboga pale uwanjani, mfuko wa viazi umeanguka miguuni. Nilipanda ngazi zote kwa miguu kwa sababu sikuweza kungoja lifti.

"Imepatikana," nilisema mlangoni, nikihema. "Lakini ni moja tu."

Mama alikuwa akipiga pasi gauni la maua. Aliisimamisha pasi.

"Moja inatosha," alisema. Kisha, baada ya kugeuza gauni, "Mbili ningezitaka kama ungekuja wewe."

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa na sentensi mdomoni, fupi, ya maneno mawili: nichukueni mimi. Lakini kitanda kilikuwa na mtu wake, na tiketi zilikuwa na majina yake, na miezi tisa ilikuwa imepita tangu shuka ile. Nikasema nitakwenda kuokota viazi.

Waliondoka asubuhi ya katikati ya juma, theluji ikianguka bila haraka. Rafiki yake alikuwa amemtangulia kituoni, alishapiga simu mara mbili kuuliza kama yaya ameamua kwenda kwa ngalawa. Mama alisimama koridoni amevaa koti la baridi juu ya gauni la maua, sanduku limesimama kando yake kama mtu wa tatu. Alinionyesha maharagwe kwenye friza, ua la kumwagilia na ua la kuacha, swichi ya kinara.

"Usiizime," alisema. "Hata mchana. Ikae tu."

"Sawa."

Alikuwa ameweka mfukoni ile karatasi yangu ya Oktoba, yenye majina manne na alama ya vema. Niliiona ncha yake.

"Mama," nilisema, "kuhusu zile taa. Mimi nilidhani..."

Nilisema zile, si wale. Nilisikia nimesema zile, na yeye alisikia, kwa sababu kona ya mdomo wake ilicheza.

"Weka dirishani," alisema.

Akanishika shavu kwa mkono uliovaa glavu, akainamisha sanduku kwenye magurudumu yake, na mlango ukafungwa nyuma yake.